Mwanangu, Kicheko Kina Mwenyewe

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi, kwa kuwa maneno ya simuni hufunikwa na mengine kabla ya Alasiri, na haya nataka yakae. Daktari alizungumza nami juzi huku macho ameyaelekeza kwenye faili, na mimi niliyeishi na waigizaji tangu ujana namjua mtu anayesoma maneno asiyopenda kuyasema. Safari yenyewe siiogopi, sote tu wasafiri. Ninachoogopa ni kuondoka kabla sijakuusia juu ya kazi uliyoichagua, hii ya kutunga na kuigiza vichekesho, ambayo mama yako anaiita balaa uliyoirithi kwangu, nami naiita kazi kama kazi nyingine, yenye jasho lake, hila zake na majeruhi wake.

Sikukatazi, maana kukataza hakujawahi kufaa kitu katika nyumba hii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee, lakini wazee haohao ndio waliokuwa wakilifunga lile guu na kulikanda kwa maji ya moto, bila kumuuliza mtoto kama alisikia au hakusikia. Utajikwaa, mwanangu. Utatia sahihi karatasi usiyoielewa, utamcheka mtu ambaye haikukupasa kumcheka, utaamini sifa za watu wanaokula kwa jasho lako. Hayo yote nimekwisha kuyasamehe kabla hayajatokea. Nataka tu kwamba siku hiyo ikifika ujue ni nini kilichokuangusha, usije ukadhani ni kazi yenyewe iliyokukataa.

Kwanza tambua kwamba umeingia kwenye nyumba yenye wenyewe. Vijana wenzako wanadhani vichekesho vilizaliwa na simu, na wakijitahidi kurudi nyuma sana wanafika kwenye televisheni. Kabla ya hapo palikuwa na jukwaa, na kabla ya jukwaa palikuwa na utani, na utani ulikuwa na sheria kali kuliko za Bunge. Mnyamwezi na Mzaramo waliupata kwenye misafara iliyoteremka pwani na pembe za ndovu. Mngoni na Mhehe waliupata kwenye vita, walipopigana mpaka wakachoka. Umeona mwenyewe msibani: maiti iko ndani, wanawake wanalia, mara anaingia mtani, amevaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo hakuna anayelijua, kisha anakwenda kujilaza kaburini na kuapa kwamba hatoki mpaka ashikwe mkono. Na watu waliokuwa wakilia wanacheka, na wakishacheka wanapata nguvu ya kulia tena. Hakuna anayemkasirikia. Lakini afanye hivyo mtu asiye mtani, uone kama atarudi kwake na meno yake yote. Maneno ni yaleyale, koti ni lilelile. Ila yule ana haki nalo na huyu hana.

Kicheko kina mwenyewe, mwanangu, na hilo ndilo neno ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayoyasema humu. Wewe na simu yako umejifanya mtani wa taifa zima bila kuitwa na mtu. Si dhambi, ndiyo kazi. Lakini ruhusa ambayo mtani aliikuta imekwisha kutolewa na mababu, wewe utaiomba upya kila siku, na utaiomba si kwa mdomo bali kwa jinsi unavyowachukua watu unaowaigiza.

Sisi tulifundishwa na jukwaa. Miaka ya 1980 vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kina Muungano na DDC Kibisa na wengineo, vilikuwa vikizunguka kwenye kumbi za baa, na kwa kiingilio kimoja mtu aliona ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarabu. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulikaa bila hiyo mpaka mwaka 1994. Tulikuwa na Redio Tanzania, na ndani yake Pwagu na Pwaguzi, watu ambao nyuso zao hatukuziona na tukawajua kuliko majirani. Mimi niliandikia vikundi vya namna hiyo, na kile kilichonifunza sanaa si kitabu, ni mlevi wa meza ya nyuma. Mlevi hakuvumilii. Mstari wako ukipwaya anaita mhudumu, na akiita mhudumu meza nzima inageuka, na jukwaani unaiona migongo ya watu. Watazamaji wa simuni wakikuchoka huondoka kimyakimya, hujui ni wapi walipochokea. Kwa hiyo nakuomba, hata ukiwa na wafuasi wengi kiasi gani, usiache kusimama mbele ya watu walio hai: kwenye mahafali ya sekondari, kwenye kipaimara, kwenye harusi ambako wageni wanangoja pilau. Ukisikilize kimya kinavyoanza. Kinaanzia upande mmoja wa ukumbi, na ukishakijua utaacha kukiogopa.

Amri Athumani wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, alipanda jukwaani akiwa mtoto mwaka 1958, na alipofariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 alikuwa ameifanya kazi hii miaka sitini. Tafuta filamu zake, uzime sauti, umtazame anavyomsikiliza mwenzake. Wachekeshaji wengi wa leo wanangoja zamu yao ya kusema, na unawaona midomo imeshaanza kutikisika. Yule mzee alikuwa anasikia kwelikweli, na uso wake ulikuwa umekwisha kujibu kabla mdomo haujafunguka. Hicho hakifundishwi kwa siku mbili, na mtu wa haraka hakipati.

Sasa nije kwenye kutunga, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Kile kipande chako cha duka la Mangi nimekitazama. Umemweka mteja anayekopa, umemweka mlevi, umemweka mama mkwe aliyekuja bila taarifa, wote ndani ya dakika mbili, na kila mmoja kaja na kichekesho chake. Watu wamecheka, sikatai, lakini wamecheka vipande vipande, hakuna kicheko kilichopanda juu ya kingine. Kichekesho kifupi kinataka jambo moja tu lililopinda, na vitu vingine vyote vinyooke.

Chukua mgonjwa aliyefika kwenye dirisha la zahanati. Karani anamwambia kwa heshima kabisa, alete barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba anaumwa. Hilo ndilo lililopinda, usiongeze jingine. Mgonjwa anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti yuko tayari kugonga muhuri, ila mjumbe aandike kwanza kwamba anamfahamu. Mjumbe hayupo nyumbani, amekwenda zahanati. Kumbe ni babu mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, naye amekwama palepale kwa sababu hakuna mjumbe wa kumwandikia mjumbe. Wanahangaika, wanaandikiana, wanarudi na barua jua linazama. Kufika dirishani homa imeshuka, mgonjwa anajisikia vizuri, anasema basi naondoka. Na karani, kwa heshima ileile, anamwomba barua ya kuthibitisha kwamba amepona. Kata hapo. Usimwonyeshe karani akitabasamu, usiweke muziki wa kuchekesha, usimwangushe mtu. Na uangalie: hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyekunja sura, na kila mmoja pale anaamini anatenda haki. Anayechekesha ni yule asiyejua kwamba anachekesha, akishajua, amekwisha.

Vijana wengi mnakwenda lokesheni na wazo kichwani, mkisema tutajua mbele kwa mbele. Mara mojamoja inakubali, na hiyo mara mojamoja ndiyo inayowaharibu. Kilichoandikwa kinaweza kukatwa, na kukata ndiko kutunga kwenyewe. Kisome kwa sauti, peke yako, mlango umefungwa. Sentensi ambayo ikiondoka hakuna atakayeitafuta, iondoe, hata kama ndiyo uliyoipenda. Neno linalochekesha liweke mwisho wa sentensi, kwa maana mtu akishaanza kucheka hasikii tena ulichoendelea kusema, na kila ulichokiweka baada ya hapo umekitupa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwetu ni kukaa na daftari wakati wenzako wamekwenda kutembea. Najua unaona ni adhabu. Mimi nilianza kuupenda ule upweke baadaye sana, na bado siku nyingine naukimbia.

Nilisema ruhusa unaiomba kwa jinsi unavyowachukua watu. Mtazame Mzee Ojwang' wa Kenya, aliyefariki Julai 2015. Kwa miaka na miaka kwenye kipindi cha televisheni cha Vitimbi alikuwa mzee wa Kijaluo, na Kiswahili chake cha Kijaluo, na miwani yake, na ubishi wake usiokwisha na Mama Kayai. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Fikiria: nchi ambayo siasa imewagombanisha Wajaluo na Wakikuyu tangu miaka ya 1960, na humohumo Mkikuyu mmoja anavaa lafudhi ya Kijaluo, na watu wa pande zote wanakaa sebuleni kumngoja. Sababu mimi naiona hivi: Ojwang' hakuwa mjinga kwa kuwa ni Mjaluo. Alikuwa mkaidi, mwenye kujiona, mwenye tamaa ndogondogo, kasoro ambazo kila ukoo una mzee wake mmoja aliyejaliwa nazo. Lafudhi haikuwa kosa lake. Sasa wewe ukimweka Mmakonde, au Mhaya, au Muhindi wa duka la vipuri, na kichekesho chote kikawa kwamba hawezi kutamka, hujatunga kitu, umeokota. Na hao wengine ambao ni rahisi kuwacheka, kilema, mnene, dada wa kazi, hawana pa kukujibia. Watacheka na wewe kwa sababu wamezoea kucheka wakiumia. Ukimtafuta wa kumcheka, anza na mwenye muhuri.

Lakini mwenye muhuri ana mkono mrefu, na hapa nataka unisikilize taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Kenya, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliojiita Redykyulass, walianza kumwigiza Rais Moi angali Ikulu, jambo ambalo miaka kumi kabla yake mtu asingelijaribu hata chumbani kwake. Nchi ikacheka, nao wakabaki salama, na Kiarie akaja kuchaguliwa mbunge mwaka 2017; kama huko ni kupanda au kushuka, sijaamua. Hapa kwetu, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kurusha video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, na mashtaka yaliyofika mahakamani yalikuwa ya kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, tunazo kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoanza kutungwa mwaka 2018, na leseni zake. Zisome zote, usisimuliwe na rafiki. Sikwambii uogope, kwa kuwa mchekeshaji mwoga huishia kuwacheka maskini. Nakwambia laini yako isajiliwe kwa jina lako, leseni unayotakiwa kuwa nayo uwe nayo, kodi yako iwe imelipwa, ili siku wakikukamata kwa kichekesho, wawe wamekukamata kwa kichekesho.

Hata kwenye karatasi kicheko kina mwenyewe, na mara nyingi si yule aliyechekesha. Wale vijana wa Ze Comedy, kina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki na wenzao, walikuwa wanaigiza taarifa ya habari mpaka watu tukaona ile ya kweli ndiyo inayowaiga wao. Walipohama kutoka kituo cha EATV kwenda TBC1, jina halikuhama nao. Wakaitwa Orijino Komedi. Bahati yao vipaji vilikuwa vyao na watazamaji wakawafuata. Wangapi hawakufuatwa? Na huyo King Majuto niliyekutajia, baada ya miaka sitini, alipokuwa mgonjwa ndipo yaliposikika malalamiko juu ya mikataba ya matangazo ambayo hakuifaidi, na mwaka huohuo wa 2018 waziri aliyehusika na sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Kamati, mwanangu, mzee akiwa kitandani. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa kiingilio nikaketi kutazama igizo nililoliandika kwa mkono wangu, limebadilishwa jina tu, na jirani yangu wa kiti akanigeukia akasema huyu aliyetunga ana akili. Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu siku ulipoiandika, katika uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Lakini wazo tupu, ulilolisema kibarazani wenzako wakacheka, hailindi hata kwa siku moja. Ndiyo maana nakusumbua na suala la kuandika. Igizo uliloliandika leo linaweza kuwasomesha wajukuu zako, na ulilolisema tu atalila yeyote mwenye kamera. Andika tarehe juu ya kila muswada, weka nakala kwa dada yako, kazi kubwa zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikaandikishwe. Neno la siri la akaunti yako asilishike meneja peke yake, hata akiwa ni mtoto wa shangazi. Nimewaona watu waliofukuzwa nje ya kazi zao wenyewe kama wapangaji. Na ukiletewa mkataba wa tangazo, usitazame kwanza ile namba iliyo chini. Uliza sura yako itatumika wapi, mpaka lini, na muda ukiisha nani ataishusha kwenye mabango. Uliza yule mhusika uliyemzaa, jina lake na mavazi yake na msemo wake, atabaki wa nani. Mwenye nia njema hakasiriki kwa kuulizwa. Anayekwambia unachelewesha watu, mwache awahi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii umeisikia tangu shule ya msingi na ndiyo maana huisikii tena, kwa hiyo nitakueleza ilivyo katika kazi yetu. Utapata msemo mmoja ambao nchi itaupenda. Watoto watautamka wakienda kuteka maji, makonda watautamka mlangoni mwa daladala, na wewe kila ukitokea watautaka huo tu. Mwanzoni utaona ni heshima. Baadaye utagundua kwamba unaandika ili ufike kwenye ule msemo, na kwamba kilicho kabla yake umekitia maji, na mtu wa kwanza kujua atakuwa ni wewe, muda mrefu kabla ya watazamaji. Siku hiyo uwe na ujasiri wa kuuzika ungali unapendwa. Watanuna kidogo, kisha watauliza una nini kipya, na hapo ndipo itakapojulikana kama wewe ni mtunzi au ni kasuku wako mwenyewe.

Na watu watakutaka uwe yule mhusika saa zote. Hospitalini nesi atakuomba msemo kabla ya kukuchoma sindano. Kwenye matanga ya mtu wako wa damu atatokea mmoja mwenye simu akikutaka uwachekeshe kidogo, na ukikataa atasema umeanza kuringa. Kataa kwa upole, ukalie mtu wako. Usije ukamwacha yule mhusika akaingia mpaka chumbani, akajibizana na mwenzi wako kwa sauti ile ya kuigiza, akawageuza watoto wako kuwa watazamaji. Nimewajua mafundi wakubwa wa kuchekesha ambao kwao hapakuwa na anayecheka. Mke au mume utakayempata, mwombe radhi kwa sauti yako ya kuzaliwa.

Kuhusu pombe, kiki na kundi la chawa, sina jipya la kukwambia. Unayajua, na utayaonja, na nakuombea yakuchoshe mapema. Ila moja nitalisisitiza kwa sababu linaniamsha usiku: ukimaliza shoo usiku, lala hukohuko. Sharo Milionea, kijana wa Muheza mwenye ule mtindo wake wa kibishoo ambao kila kijana mjini aliuiga, alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012 akiwa kwenye njia ya kwao, na alikuwa bado hajafika umri wa kuzoea umaarufu wake. Shughuli ya kesho itakungoja, na wasipokungoja basi hawakuwa wako. Na ukate bima ya afya kabla ya kununua gari. Mchekeshaji Mzee Small aliugua muda mrefu kabla ya kufariki Juni 2014, na si yeye peke yake. Tumezoea kuwachangia wachekeshaji wetu wakiwa taabani, kwa kutumiana namba za simu, tukijisifu kwamba tunawapenda. Sitaki uje upendwe namna hiyo. Akiba haiozi, hata ikiwa ni ya elfu kumi kumi.

Itakuja pia miaka ambayo hakuna anayecheka. Hutakuwa umekosa, ni kwamba vicheko hubadilika, na kilichowaua watu mbavu mwaka juzi mwaka huu wanakitazama kama nguo ya marehemu. Wakati huo usiwe mkali kwa walio vijana kuliko wewe, usiseme komedi ya siku hizi ni uchafu, maneno hayo tuliambiwa na sisi. Kaa nao, wasikilize wanacheka nini na kwa nini, uwasaidie kuandika hata kama jina lako halitajwi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wengi waliokutangulia kwa kasi utawakuta wamekaa njiani, nao usiwacheke. Wape kazi ukiwa nayo.

Radhi zangu unazo, mwanangu, na hazikuanza leo. Unazo tangu ulipokuwa na meno ya utoto, ulipomwigiza babu yako anavyotafuta miwani huku ameivaa, mbele ya wageni, na babu yako akacheka mpaka ikamwanguka. Mama yako usimkasirikie kwa kukuombea kazi ya ofisini. Yeye ndiye aliyekuwa akingoja mlangoni usiku wakati mimi narudi na harufu ya baa na mfukoni sina kitu; anachokiogopa amekiona kwa macho. Mpelekee fedha ya kwanza utakayoipata kwa mkataba ulioandikwa vizuri, umpe mkononi, usimrushie kwenye simu.

Madaftari yangu yamo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha bibi yako. Usiyachome, na usiyafanye kitu kitakatifu. Mengi yaliyomo ni mabovu, mengine yalichekesha watu ambao hawapo tena. Chukua unachokitaka, ukate unavyopenda, uyaandike kwa Kiswahili cha wenzako. Ila lile igizo la mwalimu na mbuzi si langu peke yangu. Nusu yake aliiandika mwenzangu ambaye ametangulia, na watoto wake wako Korogwe. Mama yako anaijua nyumba. Ukilitumia, wapelekee haki yao kabla hujachukua yako.

Baba yako